Nilipowaambia kwaya wapandishe sauti

Nilikabidhiwa kwaya kwa sababu nilikuwa na sikio. Ndivyo alivyosema mwenyekiti jioni ile mwalimu wetu alipotuaga kwenda Geita kikazi: "Huyu kijana ana sikio, atatufaa." Nilikuwa na miaka 24, naimba sauti ya tena, ile nyembamba ya wanaume, na sikio kweli nilikuwa nalo. Wimbo ukipita redioni mara mbili ningeweza kukuimbia sauti zote nne, moja baada ya nyingine, bila kopi ya nota. Nilichokosa ni maneno. Na kazi ya mwalimu wa kwaya karibu yote ni maneno, maana sikio lake halimsaidii mtu aliyekaa benchi la nyuma.

Mazoezi tulifanyia huku Mabatini, Mwanza, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni, wakati mawe ya mlimani bado yanatema joto la mchana. Tatizo letu kubwa lilikuwa kushuka. Wimbo tunauanza vizuri, ukifika ubeti wa tatu umezama, besi wanakoroma huko chini hawana tena pa kwenda. Nikawa nawaambia sauti ya kwanza, wanawake wanaobeba wimbo, "Pandisheni sauti!" Wakapandisha, yaani wakapaza. Ukumbi ukajaa, lakini wimbo ulibaki palepale uliposhukia. Nikasema, "Hapana, juu! Juu zaidi!" Wakazidi kupaza mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Ndipo mama mmoja wa sauti ya kwanza, wa rika la mama yangu mzazi, akanyoosha mkono akauliza kwa upole, "Mwalimu, juu ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokitaka nilikijua, nilikuwa nakisikia kichwani kabisa, lakini neno la kumpa mama yule sikuwa nalo. Nikasema tuanze upya.

Miezi miwili baadaye tukaimba kwenye ndoa, na hapo ndipo nilipokiri kwamba sikio peke yake halitanifikisha. Kijana wetu wa kinanda alikuwa hodari, ila vidole vyake vilizoea ki moja tu (ki ni nota inayofanywa Do, mwanzo wa ngazi ya wimbo), ile ya Do ni C. Wimbo ukiwa wa ki nyingine, anabonyeza kitufe cha kuhamisha. Kinanda kinapanda au kushuka chenyewe, yeye anaendelea na vidole vilevile. Vijana wengi wa kinanda ninaowafahamu walianzia hapo, na silaumu, maana ndicho walichoonyeshwa. Siku ile alipandisha nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo kabisa za kinanda, Do ikawa E bemoli. Bibi harusi akaingia, sisi tunaimba, ngoma na kayamba vimechanganya, raha tupu. Katikati ya kiitikio cha pili umeme ukakatika.

Tuliendelea. Kwaya haisimami kwa sababu ya umeme. Lakini kinanda kilipokaa kimya hatukuwa na kitu cha kuegemea, na kama kawaida yetu tukaanza kuzama polepole, mpaka tukawa tumeshuka nusu toni nzima bila mtu kujua. Beti mbili baadaye umeme ukarudi. Kinanda kikajiwasha upya, na kitufe cha kuhamisha kikawa kimerudi sifuri. Kijana hakuangalia. Akaingia kwa nguvu zote, kwa furaha. Yeye yuko C, sisi tuko D. Kati yetu na yeye kuna toni nzima, na toni nzima ikipigwa kwa pamoja wakati watu wanategemea sauti moja, inakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya jiwe. Nusu ya kwaya ikamfuata yeye, nusu ikabaki na mimi. Bibi harusi alikuwa hajafika hata katikati ya kanisa. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo kututazama, na sura ile sijaisahau.

Baada ya ibada lawama zote zikaangukia umeme. Mimi nilijua umeme haukutushusha nusu toni. Tulishuka wenyewe.

Jumatatu yake nilipanda daladala mpaka Nyegezi kumtafuta mzee mmoja niliyekuwa nimesikia habari zake: mwalimu mstaafu, aliyesomea muziki pale Chuo cha Ualimu Butimba, chuo ambacho kimetoa walimu wengi wa sanaa na muziki nchini. Nilimkuta anamwagilia mchicha, ziwa linaonekana nyuma ya migomba. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamweleza yote, na swali la mama yule la "juu ipi" nikaliweka mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa linaniuma zaidi. Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na chupa tatu tupu za soda, za kioo, na kopo la maji.

Moja akaiacha tupu. Ya pili akaijaza nusu. Ya tatu akaijaza mpaka karibu na shingo. "Puliza mdomoni mwa chupa," akasema. Nikapuliza. Ile tupu ikatoa sauti nzito, ya katikati ikatoa nyembamba kiasi, iliyojaa ikatoa nyembamba kabisa.

"Sasa ipulize hii tupu, ila kwa nguvu."

Nikapuliza kwa nguvu.

"Imepanda?"

"Imekuwa kubwa."

"Nimekuuliza kama imepanda."

Nikarudia, nikasikiliza. Ilikuwa ileile, nzito vilevile, ila kubwa zaidi. "Haijapanda, mwalimu."

"Basi ndicho ulichowafanyia watu wako. Uliwaambia wapulize kwa nguvu, ukashangaa chupa haikubadilika. Ukitaka chupa ipande, badilisha maji."

Kisha akachukua kijiko akazigonga chupa zilezile ubavuni. Mambo yakageuka: iliyojaa maji sasa ndiyo ikawa nzito, tupu ikawa nyembamba. Nilistaajabu. Akanieleza kwamba ukipuliza, kinachotikisika ni hewa iliyo juu ya maji. Hewa ikiwa fupi inatikisika haraka, na mtikisiko wa haraka ndio sauti nyembamba. Ukigonga, kinachotikisika ni kioo pamoja na maji yake. Mzigo ukiwa mkubwa unatikisika polepole, na polepole ndiyo sauti nzito. Kwa hiyo juu na chini ya muziki ni hesabu ya mitikisiko kwa sekunde. Ile A ambayo wapiga vyombo duniani hulinganishia vyombo vyao imepangwa kuwa mitikisiko 440 kwa sekunde. Ukiiongeza mara mbili, 880, unapata A nyingine, ileile lakini ya juu, na umbali huo ndio oktava. Ndiyo maana baba na mama wakiimba wimbo mmoja pamoja unasikika mmoja, ingawa mama yuko oktava nzima juu ya baba.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni alichosema baadaye, tumekaa barazani. Alisema Kiswahili hakijakosa maneno. Bibi zetu wanasema sauti nene na sauti nyembamba, wanasema sauti kubwa na sauti ndogo, na hakuna bibi anayechanganya. Mimi ndiye niliyechukua neno moja, sauti, nikalitwisha mizigo yote. Na kweli, hebu tazama neno hili katika kwaya linavyofanyishwa kazi: ana sauti nzuri, toa sauti, sauti ya pili mnachelewa, sauti imeshuka, punguza sauti. Mara tano, na kila mara ni kitu kingine.

Akanipa maneno manne, nami nimeyatumia tangu siku hiyo. Kimo, yaani nene au nyembamba. Nguvu, yaani kubwa au ndogo. Urefu, yaani sauti inadumu kwa muda gani. Na rangi. Hili la nne sikuhitaji kuelezwa sana. Mama yangu aliuza dagaa pale mwaloni Kirumba miaka mingi, na nikiwa mtoto nikitoka shule nilimpata kwa kusikiliza tu, wanawake kwa makumi wakinadi kwa wakati mmoja, wengine kwa kimo kilekile na nguvu ileile kama yake, lakini nikajua huyu ni mama. Kilichomtofautisha ni rangi ya sauti.

Nikawa naenda Nyegezi kila Jumatatu. Mzee hakutaka pesa; alitaka nimbebee sukari, na nimsomee kwa sauti anachoniandikia, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua.

Suala la kushuka alilishughulikia kwa kinanda kidogo cha mjukuu wake. Aliniambia nitazame funguo nyeupe, kisha nitazame nyeusi zimekaa wapi. Kati ya C na D kuna nyeusi. Kati ya D na E ipo. Kati ya E na F hakuna. Kati ya B na C hakuna. Nilikuwa nimekiona kinanda maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini nyeusi zimepangwa mbilimbili na tatutatu. Ngazi ya do re mi fa so la ti do ina vipandio visivyo sawa: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Mi na fa wamebanana. Ti na do wamebanana. Sehemu nyingine zote kuna nafasi ya kutosha mtu mwingine kukaa katikati, na huyo wa katikati ndiye ufunguo mweusi.

"Sasa waimbie watu wako ngazi hii," akasema, "usikilize ti yao."

Niliwasikiliza. Ti yao ilikuwa ya uvivu. Ilitakiwa isogee juu iiguse do karibu kabisa, wao wakaiacha ikining'inia katikati. Kupanda walipanda pungufu kidogo, kushuka wakashuka kwa ziada kidogo, na ubeti baada ya ubeti upungufu ule ukajilimbikiza. Pumzi nayo ilichangia: mtu akifika mwisho wa mstari hana hewa, kimo kinaanguka. Hapo nikaacha kabisa kusema "pandisheni". Nikawa nasema, "Ti iwe nyembamba. Iegemeze kwenye do." Nguvu sikuitaja. Wiki tatu tu, na kwaya ambayo ilikuwa inazama ubeti wa tatu ikawa inafika mwisho wa wimbo ikiwa imeshuka kiasi ambacho ni mimi na kijana wa kinanda tu tunaokijua.

Kuna jambo niliongeza mwenyewe, na mzee alilikubali. Nyimbo ambazo bibi yangu, mzaliwa wa Magu, alituimbia jioni, nilipozipima kwa ngazi hii nikaona nyingi zinatembea kwenye do, re, mi, so, la, basi. Fa na ti hazimo. Yaani hakuna mbanano hata mmoja. Vipandio vyote vina nafasi. Sasa mtu aliyelelewa na nyimbo hizo, ukimpa kopi yenye fa na ti, sikio lake linatafuta nafasi mahali ambapo haipo. Kwaya yangu haikuwa na masikio mabovu, ilikuwa na masikio yaliyofundishwa vizuri sana na nyimbo nyingine. Nilipolielewa hili niliacha kuwakaripia.

Kuhusu kopi zenyewe, zile zenye herufi d r m f s l t na nukta mbili kati ya mapigo, nilidhani zimeanzia seminari zetu. Zina safari ndefu. Karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichukua silabi za mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ili kuwafundishia waimbaji wake, ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na silabi ya saba, "si", ikaongezwa. Karne ya 19 Mwingereza Sarah Glover, mwanamke aliyefundisha watoto kuimba, akaigeuza "si" hiyo ikawa "ti" ili kila silabi ianze na herufi yake, na John Curwen akaueneza mfumo huo kwa watu wasio na uwezo wa kununua vyombo. Wamisionari wakaubeba mpaka Afrika. Mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao leo, kwa maneno ya Kiswahili, ni wimbo wetu wa taifa, aliuandika kwa herufi hizohizo. Huwa nawaambia wanakwaya habari hiyo wakilalamika kwamba nota za herufi ni za kizamani.

Lakini siri ya mfumo huu, na ndiyo iliyotuaibisha kwenye ndoa, ni kwamba Do si nota. C ni nota. C iko mahali pake siku zote, kama mtu na jina lake. Do ni cheo. Leo mwenyekiti wa mtaa ni fulani, uchaguzi ukipita ni mwingine, na wote wanaozunguka ofisi wanapanga viti vyao kumfuata aliyekalia. Tukisema Do ni G, tumemkalisha G kitini, na wengine wote wanajipanga kuanzia kwake kwa vipandio vilevile. Kitufe cha kinanda kilikuwa kinahamisha kiti. Umeme uliporudi kiti kilikuwa kwa C, kwaya ilikuwa imekiweka kwa D, na hakuna aliyeuliza.

Upande wa mwendo ndipo nilipojiona ninajua, na kwa kweli ndipo palipokuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi. Nilizoea kusema "mdundo" kwa kila kitu: mdundo umeenda mbio, mdundo mmeukosea, mdundo ni wa tatu. Mzee akanitaka nimweleze bugobogobo, ngoma ya jembe. Nikamweleza: watu wamejipanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja.

"Jembe likitua chini, hilo ni nini?"

"Pigo."

"Na wimbo wanaouimba, kila silabi inatua jembe linapotua?"

Hapana. Wimbo unatembea juu ya majembe, pengine silabi tatu kati ya pigo na pigo, pengine moja inavutwa mapigo mawili. Basi pigo ni jembe, halibadiliki. Ridhimu ni jinsi silabi ndefu na fupi zinavyopangwa juu ya jembe. Mwendo ni majembe mangapi kwa dakika; asubuhi ni mengi, jua likiwa kali yanapungua, lakini wimbo ni uleule na ridhimu ileile. Na mita ni namna mapigo yanavyojikusanya, mawilimawili, matatumatatu, manne kama wimbo wa taifa, kwa kuwa kila baada ya hesabu fulani kuna pigo zito kuliko wenzake.

Mwendo nilianza kuupima kwa saa ya mkononi. Sekunde moja kwa pigo ni mapigo 60 kwa dakika, na hapo unapata kipimo bila kununua chombo chochote. Nikagundua kwaya yangu inaanza wimbo kwenye 72 na kumaliza karibu na 84. Kila palipoandikwa f, waimbe kwa nguvu, ndipo walipoongeza kasi. Palipoandikwa p wakalegea. Herufi hizo ni za Kiitaliano, forte na piano, kubwa na ndogo, na hata chombo kile kinaitwa piano kwa sababu Bartolomeo Cristofori, aliyekibuni Italia yapata mwaka 1700, alitengeneza kinanda kinachoweza kutoa sauti ndogo na kubwa kwa jinsi kidole kinavyobonyeza. Nguvu na mwendo ni vitu viwili tofauti, lakini mwili wa mtu unavipenda pamoja, kama tunavyotembea haraka tukikasirika. Dawa niliyoipata ni kuwatembeza. Tunaimba tukizunguka ukumbi, mguu kwenye pigo, na ukifika kwenye f mguu haukimbii.

Nikiwa na miaka kama tisa, bibi alinipeleka Bujora, kule Kisesa, yalipo makumbusho ya Wasukuma na ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliacha kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Ilikuwa Bulabo, sherehe inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi, na Bagika na Bagalu walikuwa wanashindana. Hizi ni jamii mbili za ngoma, na Wasukuma husimulia kwamba zilianzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Hawachezi kwa zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nakumbuka nimesimama katikati, ngoma za hawa sikio la kulia, ngoma za wale sikio la kushoto, mwendo tofauti, na kichwa kikinizunguka. Lakini wachezaji hawakuyumba hata kidogo. Kila upande ulikuwa na pigo lake tumboni. Miaka yote nilikumbuka nyoka wa wachezaji na vumbi. Nilipofika kwa mzee ndipo nilipoelewa nilikuwa nimeona nini. Siku hizi nawagawa kwaya makundi mawili, kila kundi na wimbo wake na mwendo wake, waimbe pamoja wakitazamana. Mwanzo wanapotezana kabisa. Baada ya mwezi hawapotezani.

Na kuna ile ya tatu kwa mbili, ambayo ngoma zetu zimejaa na kopi nyingi za kwaya hazina. Mkono wa kulia unapiga mara tatu ndani ya muda uleule ambao wa kushoto unapiga mara mbili. Ukitaka kuihesabu utaumwa kichwa. Sema tu: njoo, mama, njoo. "Njoo" ivute, "ma" na "ma" zikimbie, "njoo" ivute tena. Njoo ya kwanza mikono yote miwili. Ma ya kwanza kulia. Ma ya pili kushoto. Njoo ya mwisho kulia. Rudia bila kuacha nafasi. Watoto wa kwaya ya Utoto Mtakatifu waliipata kwa dakika tano. Wanaume wa besi walichukua jioni nzima, lakini walipoipata hawakutaka kwenda nyumbani.

Kosa langu jingine lilikuwa la mtunzi, na hili nalisikia bado kwenye nyimbo nyingi mpya, kwa hiyo nalisemea kwa uchungu. Kiswahili kina mkazo wake, nao unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: Bwa-na, tu-na-ku-shu-ku-ru, mkazo kwenye Bwa na kwenye ku ya mwisho. Muziki nao una pigo lake zito. Vikikutana, msikilizaji anaelewa neno bila jitihada. Vikipishana, unamsikia mtu anaimba bwa-NA, na neno linakuwa geni kinywani mwake. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na mstari kuhusu kutembea barabara ya haki. Pigo zito nililiweka kwenye ra ya kwanza. Msomaji anajua: ukikaza ba ya pili ni njia, barabara ya magari, ukikaza ra ya kwanza ni sawasawa, vizuri kabisa. Nilikuwa nimetunga kitu kingine bila kujua, na aliyenishtua ni muuza mihogo aliyekaa nje ya ukumbi akitusikiliza kila Jumamosi. Nililianzisha neno hilo pigo moja mapema zaidi, mstari mzima ukatulia. Bibi yangu angelishangaa kosa hilo, maana Kisukuma ni lugha ambayo kimo cha silabi kinabeba maana, na mtunzi wake hawezi kulipandisha neno na kulishusha anavyotaka.

Kuhusu kupatanisha sauti nne niseme machache tu, kwa kuwa hilo bado najifunza. Do, mi na so zikiimbwa pamoja zinakaa. Kati ya hizo anayeamua hali ya moyo ni mi. Mshushe mi nusu toni, do na so uwaache palepale, na meja, ile ya furaha, inageuka maina, ile ya huzuni. Jua linaingia mawinguni. Niliwahi kuwaimbisha kwaya do na so peke yake, bila mi, na kumwomba yule mama wa sauti ya kwanza aongeze mi, kisha aishushe. Aliposhusha, ukumbi ulinyamaza. Akasema, "Kumbe ni huyu mmoja tu." Jioni ile alirudi kwake akiimba nota moja njia nzima.

Mzee wa Nyegezi alifariki mwaka juzi. Tulimwimbia mazishini bila kinanda, alivyotaka mwenyewe.

Mwezi uliopita umeme ulitukatikia tena, safari hii mazoezini, wimbo wa Do ni G, ubeti wa pili. Hakuna aliyesita. Mguu kwenye pigo, ti zinaegemea, besi wametulia. Umeme uliporudi nilimtazama kijana wa kinanda, ambaye sasa ana vidole vya G na vya F na vya D. Hakuingia. Alipunguza nguvu ya kinanda mpaka karibu na kimya, akabonyeza ufunguo mmoja kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa kusikiliza. Akautoa mkono, akaninyooshea kidole kimoja kikitazama chini: nusu toni. Yule mama alikiona kidole kile, akavuta pumzi. Kijana akashusha kitufe hatua moja, akasubiri kiitikio, kisha akaingia kwa p.